Kanzu ya Kiwanja cha Ndege

Koma zangu zote wameziweka. Hilo ndilo lililonichoma kuliko mengine. Katika ukumbi mpya wa abiria wa kiwanja chetu cha ndege, kando ya mlango wa kioo unaofunguka wenyewe, kuna bango kubwa lenye kichwa "Historia na Huduma za Kiwanja". Kiswahili chake nilikisahihisha mimi, kwa kalamu nyekundu, barazani kwangu. Kila koma niliyoipachika ipo. Nukta zipo. Herufi kubwa zimesimama mahali pake. Kilichokosekana ni sentensi moja tu niliyoiongeza, na sentensi ile ilikuwa ya mama yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, ukitoka kiwanjani, na kazi yangu kubwa, ukiniuliza, ilikuwa kurudisha H. Sisi watu wa huku pwani ya Lindi, ambao nyumbani Kiswahili chetu kimechanganyika na Kimwera, Kimakonde au Kimatumbi, H hututoka mdomoni bila kuaga. Mtoto husema "abari" na huandika "abari". Huandika "apa", "uyu", "akuna". Akiogopa sana kalamu yangu huibandika hata isikotakiwa, akaniletea "hasubuhi". Nimezungushia duara nyekundu mahali pa H zilizopotea mpaka kidole kikaota sugu. Mama yangu alikuwa akinicheka. "Unawatesa watoto wa watu kwa erufi moja," aliniambia, na hata hapo alikuwa ameidondosha.

Nyumba niliyozaliwa ilikuwa mwisho wa njia ya kurukia ndege, vyumba viwili na ukumbi, kwa sababu baba yangu alikuwa mhudumu wa kiwanja. Sisemi hivyo kwa kumpamba. Ndivyo ilivyoandikwa katika barua yake ya ajira, ambayo mpaka leo tunayo ndani ya sanduku la bati: mhudumu wa kiwanja. Alitoka Njinjo, bara ya Kilwa, hajawahi kuiona ndege isipokuwa juu kabisa, akapewa panga, jembe, toroli na ndoo ya chokaa, akaambiwa kiwanja hiki ni chako. Mama alimfuata kutoka Nyangamara akiwa mwari wa juzi, na naye akajikuta ameolewa na kiwanja.

Nitakieleza kilivyokuwa, maana bango halikukieleza. Njia ilikuwa ya kifusi chekundu, imeshindiliwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu, na kandokando yake yalipangwa mawe ambayo baba aliyapaka chokaa kila mvua zikiisha. Kwa abiria kulikuwa na kibanda cha makuti chenye benchi mbili, mtungi wa maji na kata yake, na nyuma yake choo cha shimo ambacho mama alikifagia kila siku ijapokuwa ndege ilikuja kwa nadra. Kwenye mti wa mkorosho uliokuwa karibu na kibanda ilining'inia rimu ya lori. Baba akisikia muungurumo angani aliigonga rimu ile kwa nondo, na hapo ungeona vituko. Njia ya ndege ilikuwa ndiyo sehemu pekee tambarare na kavu katika kijiji kizima, kwa hiyo kila mtu alianika makopa yake pale. Rimu ikilia, wanawake walikurupuka na nyungo na mikeka, wakazoa mihogo yao wakitukanana na kucheka, watoto wakafukuza mbuzi, na ndege ikazunguka mara moja au mbili huko juu ikingoja watu wamalize kuanua. Marubani walikwisha zoea. Walijua mzunguko wa kwanza ni wa makopa.

Huo nauita utaratibu. Ofisini wanauita kitu kingine.

Na palikuwa na mlingoti. Juu yake ilikuwepo ile soksi ya upepo, mfuko mrefu wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Ya kwanza ililetwa kutoka Dar es Salaam ndani ya boksi. Kusi ikaipiga msimu mmoja, ikachanika ikabaki matambara. Baba akaandika barua kuomba nyingine. Akajibiwa asubiri. Akaandika tena, akajibiwa ombi lake limepokelewa. Wakati huo rubani mmoja alitua vibaya kwa upepo wa kisogoni, akashuka akifoka, akamuuliza baba kama anataka watu wafe. Baba alirudi nyumbani. Alikula, akanawa, akaingia chumbani, akatoka na kanzu yake ya Idi ameishika kwa mikono miwili.

Mama aliniambia aliitazama ile kanzu akataka kulia, maana ndiyo aliyooa nayo. Kisha akaigeuza juu chini. Upindo wa chini, ulio mpana, akaushona kuzunguka duara la chuma walilolitoa kwenye pipa bovu. Mikono akaikata na kuziba matundu yake. Shingo akaiacha wazi. Upepo ukawa unaingia kwa miguuni na kutokea shingoni, na kanzu ikajaa, ikanyooka, kama mtu mnene aliyelala kifudifudi hewani. Mwaka ule baba alikwenda kuswali Idi kwa shati.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyesema soksi ya upepo. Tunasema kanzu. Kanzu ikitazama Kilwa, ni kusi. Ikitazama Sudi, kaskazi imeingia. Pakiwa shwari, kanzu imelala, na mtu mvivu naye huambiwa hivyohivyo: wewe kutwa kanzu imelala. Nilikuwa mtu mzima, nimekwenda chuo cha ualimu, ndipo nikagundua kwamba watu wengine hawaiiti kanzu. Nilibishana nao kidogo.

Kanzu za baba ziliisha upesi. Ikabidi mama anunue bafta, na bafta kwetu hununuliwa kwa jambo moja. Kila alipokwenda dukani kuomba kitambaa kirefu vile, mwenye duka aliacha kupima akamtazama kwa huruma.

"Poleni. Nani tena?"

"Si mtu. Ni ya ndege."

"Ndege gani uyo azikwe na sanda?"

Utani huo waliurudia miaka nenda miaka rudi, mpaka mwenye duka naye akafa akanunuliwa bafta yake. Mama alishona kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, mara mbili kila ukingo, akapitisha vipande vya kanga nyekundu ili rubani aione kutoka mbali. Rubani mmoja, aliyekuwa akiwaleta madaktari wa macho, alimuuliza baba nani anashona hii. Akaambiwa. Safari iliyofuata akamletea mama pakiti ya sindano za cherehani. Mama hana cherehani, hajawahi kuwa nayo. Sindano zile anazo hadi leo ndani ya kopo, na ukimuuliza atakuonyesha, maana ndizo asante pekee alizopata kwa kazi hiyo.

Baba alipofariki, sisi watoto tulidhani basi. Mama alikaa eda, akamaliza, na jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa kama kanzu imechanika. Ilikuwa imechanika. Akashona nyingine akampelekea mhudumu mpya. Akaendelea hivyo mpaka walipokuja wajenzi na matingatinga yao, wakang'oa mlingoti, wakaulaza kando ya lami mpya, kanzu ikiwa bado iko juu yake.

Sikatai kiwanja kipya, niseme wazi kabla sijaitwa adui wa maendeleo. Lami nzuri. Ukumbi una vigae, viti vya chuma, feni, choo cha kuvuta maji, na chumba cha watu mashuhuri chenye makochi. Mgonjwa atapelekwa hospitali kubwa kwa haraka. Nani asiyetaka? Lakini wahenga walishatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tumeuacha, na juu ya kuuacha tumeukana.

Aliyeniletea maneno ya bango alikuwa ofisa wa kiwanja, mtu wa makamo sasa, mwenye tumbo na miwani. Nilimfundisha mimi. Kwao ni hapahapa, nyumba ya nne kutoka shuleni. Alikuja barazani kwangu na karatasi mbili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni kazi za kukaa, Mwalimu. Tunaomba utupitishie macho kwenye Kiswahili. Wakubwa wanakuja kufungua, tusije tukaaibika."

Nikasoma mbele yake. Mwanzo ulikuwa juu ya mahali kiwanja kilipo, ikafuata lami, taa, ukumbi. Katikati palikuwa na sentensi hii: "Kabla ya ujenzi huu kiwanja hakikuwa na huduma yoyote." Kwa mazoea nikapachika koma baada ya "huu", kisha ndipo maana yake ikaniingia.

Nilimuuliza mhudumu alikuwa akifanya nini, kama huduma haikuwepo. Mpishi bila chakula? Mwalimu bila darasa? Akacheka akidhani natania. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe, akitoka kucheza chandimu kwenye njia ile ya ndege, alikuwa akija kunywa maji ya mtungi wetu, na kata alikuwa hairudishi mahali pake. Hapo akaacha kucheka. Nikaikata ile sentensi kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja ulionyooka, na pembeni nikaandika: "Huduma za kiwanja zilitolewa kwa mikono ya wakazi; kwa miaka mingi soksi ya upepo ilishonwa na mwanamke mmoja wa hapa, na watu wakaiita kanzu." Sikuandika jina. Sikutaka kuonekana najipendelea.

"Tutalifanyia kazi, Mwalimu," akasema.

Mtu mzima mimi, niliyeishi miaka yote hii katika nchi hii, sikujua maana ya "tutalifanyia kazi"? Nilijua. Lakini alikuwa mwanafunzi wangu, na nilitaka kuamini. Na kosa kubwa zaidi nilifanya jioni ileile: nilimwambia mama.

Mama ana miaka mingi. Magoti yamemchoka ila macho bado yanaona, na kusoma anajua. Alijifunza ukubwani, darasa la kisomo, mimi nikiwa mtoto wa shule. Nilimwambia kanzu yake itaandikwa ukutani. Kesho yake akaniuliza, "Bango limeshaandikwa?" Juma lililofuata akaniuliza tena. Akatoa doti mpya kutoka sandukuni, ile aliyokuwa akisema ni ya kuzikiwa, akaianika jua liitoe harufu ya karafuu. Nikaona hilo na bado sikumwambia kwamba sina hakika. Ningefanya nini? Nilikuwa nimemwahidi.

Siku ya ufunguzi tulikaa chini ya turubai, viti vya plastiki, safu ya nyuma kabisa. Wakubwa walihutubia. Kila mmoja alisema kwamba hapa palikuwa pori. Mama aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pori gani? Yale mawe ya chokaa ni nyani waliyapaka?" Nikamwambia angoje, atasoma mwenyewe ndani. Nikamtangulia kwenda kulitafuta bango ili nimwekee kiti mbele yake.

Nikalisoma. Nikalisoma tena, maana nilidhani nimeruka mstari. "Kabla ya ujenzi huu, kiwanja hakikuwa na huduma yoyote." Koma baada ya "huu" ilikuwa yangu. Wao hawakuwa wameiweka.

Nilimkuta ofisa karibu na chumba cha watu mashuhuri, nikamshika kiwiko kama nilivyokuwa nikimshika darasa la tatu.

"Sentensi yangu iko wapi?"

"Mwalimu, nafasi ilikuwa ndogo."

"Nafasi! Bango kubwa kama mlango wa msikiti!"

Akatazama pembeni. "Wakubwa walisema haileti picha nzuri. Kanzu, Mwalimu... wageni watatucheka. Na wakaona kama vile ni mambo ya kifamilia."

Mambo ya kifamilia. Ndege zimetua salama kwa mambo ya kifamilia. Madaktari wameshuka, chanjo zimeshuka, wakubwa wenyewe wa enzi zile walishuka wakipunga mikono, wote wakiongozwa na mambo ya kifamilia yaliyokuwa yakipepea juu ya mlingoti. Nilimwambia hayo yote na mengine nisiyoyaandika. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua la kuvunda halina ubani, bango limeshagandishwa ukutani, lakini nilikuwa sijamaliza kusema nilipomwona mama.

Alikuwa ameingia mwenyewe, taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Alisimama mbele ya bango na kidole chake kilikuwa tayari kimefika katikati. Husoma kwa sauti, ndivyo walivyofundishwa kwenye kisomo.

"Ki-wa-nja. A-ki-ku-wa. Na. U-du-ma. Yo-yo-te."

Maisha yangu yote nimedai H irudishwe. Ile H ya "hakikuwa" ndiyo pekee niliyotamani mtu aifute, yenyewe na jirani yake na uongo wote uliowafuata.

Mama akageuka. "Mwanangu, uduma apa maana yake nini?"

Nikamweleza kama ningemweleza mtoto darasani: ni kazi zile za kumsaidia rubani na abiria. Kusafisha njia. Maji ya kunywa. Choo. Kuonyesha upepo.

Akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi; nilitaka tukasirike wawili. Nilimwambia nitaandika barua, nitakwenda wilayani, nitakwenda hadi mkoani. Akaniambia hasira hasara. Kisha akaomba nimpeleke dirishani. Nje, juu ya mlingoti mpya wa chuma, kulikuwa na kanzu ya rangi ya machungwa, ya kiwandani, inatazama Kilwa.

"Mshono wa cherehani," akasema baada ya kuitazama sana. "Mzuri. Utadumu."

Tulipokuwa tunatoka akaiona meza yenye kitambaa cha kijani na kitabu kikubwa kimefunuliwa. Akauliza ni cha nini. Binti wa mapokezi akamjibu kwa adabu, "Bibi, hicho ni cha wageni rasmi tu." Nikafungua mdomo. Lakini ofisa, ambaye alikuwa ametufuata kwa nyuma, aliwahi.

"Mwacheni aandike," akasema. Akamsogezea kiti yeye mwenyewe.

Kitabu kilikuwa na safu: jina, atokako, cheo, maoni. Juu yake walikuwa wameandika wakubwa wa siku ile, na katika safu ya cheo palijaa: Mkuu, Mkurugenzi, Katibu, Mhandisi, Diwani. Mama aliishika kalamu kwa ncha za vidole kama anavyoshika sindano. Jina lake aliliandika kwa muda mrefu, nyuma yetu watu wakingoja. Kwenye atokako akaandika "Apa apa". Kisha akafika kwenye cheo, akasimamisha kalamu, akaniuliza safu hiyo inataka nini.

"Wanataka kujua wewe ni nani hapa, Mama."

Akainama. Akaandika herufi moja baada ya nyingine, kubwa, zikigusa mstari wa juu na wa chini: Uduma.

Akafunika kalamu, akajitanda vizuri doti yake, akanyoosha mkono nimwinue. Ofisa alikuwa akisoma juu ya bega langu. Mkobani nilikuwa na kalamu yangu nyekundu, siendi popote bila hiyo. H haikuwepo. Niliiona haipo. Nikafunga mkoba, nikamshika mama mkono, tukatoka kwa mlango unaofunguka wenyewe.